Mgodi ukifungwa, nini hubaki? Kuvielewa vijiji vya makaa ya mawe vya Wales

Tarehe 30 Septemba 2024 zilitoka Uingereza habari mbili kwa siku moja, na hadi leo wapo wengi wanaozichanganya. Ya kwanza ilihusu kuzimwa kwa kituo cha Ratcliffe-on-Soar, katikati ya England, ambacho ndicho kilikuwa cha mwisho nchini humo kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe. Ya pili ilihusu kuzimwa kwa tanuri la mwisho la kuyeyushia madini ya chuma huko Port Talbot, pwani ya kusini mwa Wales. Mtu akizisoma kwa haraka hudhani kuwa ni habari moja: kwamba siku hiyo Wales ilifunga migodi yake, na wachimbaji wa vijiji vya milimani wakaamka kesho yake hawana kazi.

Haikuwa hivyo. Mgodi wa Maerdy, wa mwisho katika mabonde mawili ya Rhondda, kusini mwa Wales, ulifungwa Desemba 1990. Mgodi wa Tower, juu ya kijiji cha Hirwaun, uliendelea hadi Januari 2008, na huo ndio uliokuwa mgodi mkubwa wa mwisho wa chini ya ardhi Wales. Aliyezaliwa Maerdy mwaka mgodi wa kwao ulipofungwa sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na uchimbaji ameusikia tu kwa wazee. Hata hivyo anaishi ndani ya kijiji ambacho barabara zake, kuta zake, mlima wake na hata maji ya mto wake vilipangwa na mgodi. Kwa kampuni, kufunga mgodi ni jambo lenye tarehe. Kwa kijiji, ni hali inayoendelea, tena yenye gharama ambazo hadi leo watu wanabishana nani azilipe.

Kabla hatujafika huko, tuweke maneno sawa. Uingereza katika makala haya ni dola nzima yenye England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Wales ni nchi mojawapo kati ya hizo, ina lugha yake na, tangu 1999, ina bunge lake linaloshughulikia baadhi ya mambo ya ndani. Mji mkuu wake ni Cardiff. Makaa ya mawe ni mwamba mweusi unaowaka, uliotokana na mimea iliyofukiwa mamilioni ya miaka iliyopita, wala si huu mkaa wa magunia unaotokana na miti. Mgodi ninaouzungumzia hapa ni wa chini ya ardhi, wenye shimo la wima ambalo wachimbaji walishushiwa kwa kizimba cha chuma, si ule wa wazi ambao mitambo hufukua kutoka juu. Na kifusi ni mawe, udongo na vumbi vilivyotolewa pamoja na makaa, vikatengwa na kutupwa. Neno hilo la mwisho lishikwe vizuri, maana ndilo litakalotusumbua zaidi.

Vijiji vilivyoota ukingoni

Mwaka 1851 mabonde ya Rhondda yalikuwa na watu wasiofikia 1,000, wengi wao wafugaji wa kondoo. Mwaka 1911 walikuwa zaidi ya 150,000. Kilichowaleta ni makaa ya aina maalumu, yanayowaka kwa joto kali na moshi kidogo, ambayo meli za mvuke ziliyapenda kuliko mengine yote. Jeshi la majini la Uingereza liliyataka, na kampuni za meli nazo zikayataka. Yalisafirishwa kwa reli hadi bandari za Cardiff na Barry, kisha yakarundikwa katika vituo vya kujazia meli duniani kote, Aden ikiwa kimojawapo. Hapa ndipo watu wa upande wetu wa bahari wanapoingia katika hadithi hii: mabaharia wa Kisomali na Kiyemeni walioajiriwa kutia makaa katika matanuri ya meli hizo walifika Cardiff, wakajenga maisha katika mtaa wa Butetown karibu na gati, na vizazi vyao vipo pale hadi sasa.

Mwaka 1913 migodi ya kusini mwa Wales ilitoa karibu tani milioni 57, kwa mikono ya watu zaidi ya 230,000. Hicho ndicho kilikuwa kilele.

Umbo la vijiji hivi linaeleweka ukifikiria uhaba wa ardhi tambarare. Bonde ni jembamba kiasi kwamba sakafu yake hutosha mto, reli na majengo ya mgodi, basi. Nyumba zikapandishwa mbavuni mwa mlima, zimeshikana ukuta kwa ukuta kwa mistari mirefu inayofuata mkunjo wa kilima, vyumba viwili chini na viwili juu, mlango wa mbele ukifungukia barabarani moja kwa moja. Na kwa kuwa sakafu ya bonde ilikuwa imekwisha kujaa, kifusi kilivutwa kwa kamba za chuma na vitoroli hadi juu ya mlima, juu ya vichwa vya watu, kikamwagwa huko. Hakuna mhandisi aliyekaa akachora kijiji chenye taka juu na shule chini. Mpangilio huo ulitokea hatua kwa hatua, kila kampuni ikitafuta mahali pa karibu na pa bei nafuu pa kumwaga.

Nyumba nyingi hazikuwa mali ya kampuni. Wachimbaji walichangishana katika vyama vya ujenzi, wakajengeana, wakamiliki. Jambo hili ni dogo likitajwa juu juu, lakini linajibu nusu ya swali ambalo wageni huuliza kila mara, yaani kwa nini watu hawakuhama mgodi ulipofungwa. Nyumba katika kijiji kilichopoteza kazi haiuziki kwa bei ya kununulia nyingine mjini. Aliyerithi nyumba ya babu yake anayo paa juu ya kichwa bila deni, na akiiacha anakwenda kuanza kwenye kodi ya kila mwezi.

Peni moja katika kila pauni

Yapo mambo ambayo vijiji hivi vilijifanyia bila kungoja serikali, na kwangu mimi ndiyo yanayostahili kukumbukwa kuliko tani zote za makaa. Wachimbaji walikubali kukatwa kiasi kidogo cha mshahara, mara nyingi peni moja katika kila pauni wakati pauni moja ilikuwa na peni 240, na kwa fedha hizo wakajenga majumba ya wafanyakazi yenye maktaba, vyumba vya mikutano na kumbi za maonyesho. Jumba la Parc and Dare mjini Treorchy, linalobeba majina ya migodi miwili ambayo watu wake waliligharimia, bado linasimama na bado lina maonyesho. Mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 13 aliweza kutoka shimoni jioni, akaoga katika beseni mbele ya moto, kisha akaenda kusoma historia na uchumi.

Katika mji wa Tredegar makato ya namna hiyo yalilipia madaktari na matibabu ya mchangiaji na familia yake. Aneurin Bevan, aliyezaliwa huko mwaka 1897 na kuingia mgodini akiwa na umri huo huo wa miaka 13, aliukuta mfumo huo na kuufahamu kwa undani. Alipokuwa Waziri wa Afya alisimamia kuanzishwa kwa huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, iliyoanza kazi tarehe 5 Julai 1948. Mgonjwa anayetibiwa London leo bila kutoa fedha mapokezini anafaidi wazo lililojaribiwa kwanza bondeni na watu wenye masizi usoni.

Haya hayamaanishi kwamba maisha yalikuwa mazuri. Tarehe 14 Oktoba 1913 gesi na vumbi la makaa vililipuka katika mgodi wa Senghenydd na kuua wachimbaji 439, pamoja na mwokoaji mmoja. Hakuna ajali ya mgodi iliyoua wengi zaidi ya hiyo katika historia ya Uingereza. Meneja alitozwa faini ya pauni 24, na kampuni pauni 10. Na waliokufa kwa vumbi lililoganda mapafuni, polepole, kitandani, mmoja mmoja, ni wengi kuliko waliokufa kwa milipuko, ila vifo vyao havikuandikwa magazetini.

Je, makaa yaliisha? Je, ni Thatcher?

Kuna maelezo mawili mepesi ya kwa nini migodi ilifungwa, na yote mawili yana ukweli nusu.

La kwanza ni kwamba makaa yaliisha. Kwa sehemu kubwa hayakuisha. Tabaka nyingi zimebaki chini, lakini ni nyembamba, zimekatikakatika kwa mikunjo ya miamba, na kuzifikia kunagharimu kuliko kununua makaa kutoka nchi ambazo tabaka lake ni nene na liko karibu na uso wa ardhi. Tena soko lenyewe lilikuwa limeanza kuondoka mapema: meli zilihamia mafuta, treni zikahamia dizeli, na nyumba zikahamia gesi.

La pili ni kwamba Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza katika miaka ya 1980, ndiye aliyefunga kila kitu. Serikali ilitaifisha migodi tarehe 1 Januari 1947, na katika miaka ya 1960, chini ya vyama vyote viwili vikuu, ilifungwa mingi kuliko iliyofungwa wakati wake. Tofauti ni kwamba mchimbaji wa miaka ya 1960 aliweza kuhamishiwa mgodi wa bonde la jirani au kupata kazi katika kiwanda kipya. Wa miaka ya 1980 hakuwa na pa kwenda. Ndiyo maana mgomo wa wachimbaji wa kupinga kufungwa kwa migodi, ulioanza Machi 1984, ulikuwa mkali kiasi kile. Huko Maerdy, katika mwaka mzima bila mshahara, hakuna mchimbaji hata mmoja aliyerudi kazini kabla ya wenzake. Mgomo ulipovunjika, tarehe 5 Machi 1985 walirejea mgodini kwa maandamano, bendera ya chama cha wafanyakazi na bendi ya tarumbeta mbele, wake zao pembeni. Miaka mitano na miezi kadhaa baadaye mgodi ulifungwa.

Kwa hiyo Thatcher hakuanzisha kufungwa kwa migodi, ila serikali yake iliufanya mwisho uwe wa ghafla, na iliwaacha watu bila daraja la kuvukia. Mtu anayesema mgodi ungefungwa tu kwa vyovyote huenda ana haki, lakini hajajibu swali la namna ulivyofungwa.

Kuna kisa kimoja kinachovuruga hesabu za pande zote mbili. Tower ilipofungwa mwaka 1994 kwa hoja kwamba hailipi, wachimbaji 239 walitoa kila mmoja pauni 8,000 kutoka katika viinua mgongo vyao, wakaununua mgodi, na Januari 1995 wakashuka tena shimoni wakiwa wamiliki. Waliuendesha kwa faida miaka 13, hadi makaa waliyoweza kuyafikia yalipokwisha. Hapo, na hapo tu, jibu la kwanza lilikuwa sahihi. Mahali hapo sasa watalii hulipa kuteremka mlimani wakining'inia kwenye kamba za chuma.

Mlima usio mlima

Turudi kwenye kifusi. Mgeni anayepita kwa gari huona vilima vya kijani na kudhani kwamba yote ni maumbile. Sehemu ya vilima hivyo ni malundo ya kifusi yaliyoota nyasi. Hesabu ya serikali ya Wales imepata malundo yasiyotumika zaidi ya 2,500, na karibu 350 kati yake yamewekwa katika makundi mawili ya juu yanayohitaji kukaguliwa mara kwa mara.

Namna yanavyoporomoka inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuletewa mchanga wa ujenzi. Ukiwa mkavu au na unyevu kidogo, fungu husimama. Likinyeshewa hadi maji yajae katikati ya chembe zote, chembe hizo huacha kushikana, na fungu zima huanza kutiririka kama uji. Lundo la kifusi ni fungu hilo, likiwa na ukubwa wa mtaa, juu ya mteremko.

Hicho ndicho kilichotokea Aberfan asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966. Lundo namba 7 lilikuwa limemwagwa juu ya chemchemi iliyoonyeshwa kwenye ramani. Wanakijiji walikuwa wameandika barua za kulalamika. Baada ya siku za mvua lundo liliteremka na kuifukia Shule ya Msingi ya Pantglas saa tatu na robo asubuhi, watoto wakiwa wameketi madarasani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Tume ya uchunguzi iliilaumu waziwazi Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, lakini hakuna aliyeshtakiwa wala kufukuzwa kazi. Malundo yaliyobaki juu ya kijiji yalipotakiwa kuondolewa, pauni 150,000 zilichukuliwa kutoka mfuko wa rambirambi uliochangwa na umma kwa ajili ya wafiwa. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, bila riba. Miaka kumi baadaye serikali ya Wales ikaongeza malipo ili kufidia thamani iliyopotea. Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu bila kuyajua mtu hawezi kuelewa kwa nini mvua kubwa ikinyesha usiku, wazee wa mabonde haya hawalali.

Sheria iliyofuata, ya mwaka 1969, ililenga zaidi malundo ya migodi iliyokuwa ikifanya kazi. Wakati huo ilionekana inatosha. Migodi ilipofungwa, malundo yakawa ya yeyote aliyekuwa na ardhi: mfugaji wa kondoo, kampuni, halmashauri, mtu binafsi aliyenunua kilima bila kujua alichonunua. Hali hiyo ilibaki hivyo hadi tarehe 16 Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyopewa jina Dennis, pale takriban tani 60,000 za kifusi zilipoporomoka Tylorstown, kilomita chache chini ya Maerdy, zikaziba mto na kuvunja bomba la majitaka. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa safari hii chini ya lundo hapakuwa na shule. Mabishano yaliyofuata kati ya serikali ya Wales na ile ya London yalihusu bili. London ilisema usalama wa malundo ni jukumu lililokabidhiwa Wales. Wales ilijibu kwamba makaa yalichimbwa na faida ikaenda kwa Uingereza nzima miongo mingi kabla bunge la Wales halijakuwapo. Binafsi naona hoja ya pili ina uzito zaidi, na mwaka 2025 London ilikubali kutoa pauni milioni 118 kwa miaka mitatu. Mwaka huohuo bunge la Wales lilipitisha sheria ya kuunda mamlaka maalumu ya kusimamia malundo yote yasiyotumika, ambayo imepangwa kuanza kazi Aprili 2027.

Maji nayo yana madai yake. Mgodi ukifanya kazi, pampu huyatoa usiku na mchana. Zikizimwa, maji hupanda polepole kwa miaka, yakiosha chuma kutoka kwenye miamba, kisha hutokeza mahali pasipotarajiwa na kuupaka mto rangi ya kutu. Ndiyo sababu kuna mabwawa ya kusafishia maji ya migodi ambayo hakuna aliye hai aliyefanya kazi ndani yake.

Wanaishije sasa?

Idadi ya watu wa Rhondda leo haifiki nusu ya ile ya 1911, lakini vijiji havijawa mahame. Asubuhi treni na mabasi hubeba watu kwenda Cardiff kufanya kazi hospitalini, maofisini na madukani, na reli ya kwenda Treherbert ilifunguliwa upya Februari 2024 baada ya kufungwa karibu mwaka mzima ili itiwe umeme. Treorchy ilishinda tuzo ya barabara bora ya maduka Uingereza kwa mwaka 2019, kwa nguvu ya maduka ya wenyeji. Vijiji vilivyo mwisho wa bonde, ambako basi la mwisho huondoka mapema, vina hali ngumu zaidi: maradhi ya muda mrefu ni mengi, na mishahara ni midogo. Anayewaita watu hao wavivu angejaribu kwanza kufika kwenye kazi ya zamu ya alfajiri bila gari.

Makanisa mengi yamegeuzwa nyumba za kuishi au yamebaki na madirisha yaliyozibwa kwa mbao, ila kwaya za wanaume bado zinafanya mazoezi, ingawa waimbaji wengi wana mvi. Bendi ya Cory, iliyobeba jina la familia ya wenye migodi, bado inashindana na kushinda. Desturi ya majina pia ipo: kwa kuwa kina Jones, Davies na Evans ni wengi mno, mtu hutambulishwa kwa kazi yake, Jones wa Maziwa, Evans wa Posta, na jina hilo humfuata hata baada ya kustaafu.

Na anayetaka kununua nyumba huko, mwanasheria wake huagiza kwanza ripoti ya uchimbaji. Hulipiwa ada, kisha huja na ramani inayoonyesha kama chini ya jiko kuna handaki, kama shimo la zamani liko ndani ya mita 20 za mpaka wa kiwanja, na kama liliwahi kujazwa au la. Kwa kawaida benki haitoi mkopo bila karatasi hiyo.